Je, Mdwafu Aweza Kuwa Majusi?

Labda mtashangaa kukuta katika kurasa hizi habari za mchezo. Tumezoea kupima hapa vitabu, mahubiri na nyimbo. Lakini mchezo nitakaousema una vitabu vyake, tena vinene, na maswali wanayoshindania wachezaji wake ni ndugu wa yale tunayofundishwa kuyapima katika darasa la filosofia: asili ya mtu ni nini, na desturi yake ni nini? Sheria gani yaweza kuondolewa, na gani haiondolewi na mtu yeyote? Basi mnivumilie kidogo.

Mchezo huo ni Dungeons & Dragons, uliotolewa mwaka 1974 katika Marekani na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson. Watu wachache wanakaa mezani. Mmoja, tumwite mwongozi, anasimulia inchi ya kubuniwa, milima yake, majumba yake na hatari zake. Kila mmoja wa wengine anajitwalia mtu wa kubuniwa na kusema anachofanya mtu huyo. Kisha dadu, yaani vijiwe vyenye namba, vyaonyesha kama amefaulu ao hapana. Kabla ya kuanza, sharti kila mchezaji achague mambo mawili: mtu wake ni wa kizazi gani cha viumbe, na anafanya kazi gani. Aweza kuwa binadamu, ao Mwelfi wa misitu, ao mwingine. Aweza kuwa askari, ao kuhani, ao mwenye elimu ya mizungu. Huyu wa mwisho namwita majusi. Mamajusi wa Noeli watanisamehe, kwani jina lenyewe kwa lugha za Ulaya latoka kwao.

Hapo tayari mtafsiri anajikwaa. Mimi nasema *kabila* na *kazi*. Lakini sikieni: «Kabila hili halina ruhusa ya kufanya kazi ile.» Nadhani hakuna mmoja kati yenu asiyeshtuka. Katika lugha ya vitabu vile maneno hayo yalipita miaka mingi pasipo kelele kubwa, kwa kuwa yalikuwa maneno ya mchezo tu. Kiswahili chetu hakituachii usingizi huo.

Kuna neno lingine. Watu wafupi wenye ndevu, wachimbaji wa mawe na wafua chuma wa hadithi za Ulaya ya kaskazini, kamusi yataka tuwaite mbilikimo. Sitafanya hivyo. Huko Ituri jina hilo wamelipewa Wambuti, watu wa kweli wenye majina na watoto, na si vema kuwatwika ndevu na mashoka ya hadithi ya wengine. Nitasema Wadwafu.

Nilipokuwa masomoni Ulaya, wanafunzi wa nyumba yetu walikuwa na desturi ya kucheza usiku wa siku ya posho. Wakaniita. Mwongozi wao alipenda vitabu vya zamani, naye alikuwa na chapa ya mwaka 1978. Nikamwambia: Nataka kuwa Mdwafu, mtoto wa wachimbaji, aliyejifunza kusoma akawa majusi. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa mgodi, na mimi nilikuwa nimevuka bahari kutafuta vitabu; labda ndiyo sababu nilimpenda mtu huyo kabla hajazaliwa. Mwongozi akafungua kitabu, akaweka kidole juu ya ukurasa. «Haiwezekani.» «Kwa nini?» «Wadwafu hawawi mamajusi.» «Nimesikia, lakini kwa nini?» Akageuza kurasa mbili tatu, kisha akacheka mwenyewe: «Kwa kuwa imeandikwa.»

Tangu siku ile nimelichunguza jambo hili, na sasa natoa hukumu yangu, ikiwa ni hukumu ya mchezaji mdogo tu.

Kwanza tujue sheria ilivyokuwa. Katika vitabu vya 1974 binadamu aweza kufanya kazi zote, na kupanda daraja pasipo mwisho. Mdwafu ni askari tu, naye anasimama kwenye daraja la 6. Hobiti, yule mtu mdogo wa mashambani, ni askari tu, na anasimama kwenye daraja la 4. Mwelfi aweza kuwa askari mpaka daraja la 4 na majusi mpaka la 8. Katika kitabu cha 1978 mambo yaliongezwa, lakini mzizi ni uleule: kazi ya paladini, ndiyo kusema askari mtakatifu mwenye nadhiri, ni ya binadamu peke yao. Mwaka 1981, katika chapa ya wanaoanza iliyotengenezwa na Tom Moldvay, walikwenda mbali zaidi: kabila lenyewe likawa kazi. Binadamu anaulizwa kama ni askari, kuhani, majusi ao mwizi. Mdwafu haulizwi kitu. Kazi yake ni kuwa Mdwafu.

Sababu yake? Gygax mwenyewe aliieleza katika kitabu cha waongozi cha mwaka 1979. Alitaka inchi ambamo binadamu ni katikati ya mambo yote. Kama Waelfi wanaishi mamia ya miaka, wanaona gizani, na tena wanaweza kila kazi mpaka daraja la juu, nani atachagua kuwa binadamu? Na kwa nini inchi yote isiwe mikononi mwao? Basi aliwapa wengine zawadi za kuzaliwa, naye akawapa binadamu njia isiyo na mwisho. Ni mizani. Upande huu kilo moja, upande huu kilo moja.

Siidharau sababu hiyo. Mchezo wahitaji mizani, vinginevyo mmoja anacheza na wengine wanamtazama. Lakini tazameni namna mizani hiyo ilivyofanya kazi mezani. Mdwafu anapata zawadi zake tangu siku ya kwanza, lakini adhabu yake haionekani mpaka baada ya miezi, ao baada ya mwaka, atakapofika kwenye daraja lake la mwisho na kuona wenzake wanaendelea kupanda. Meza nyingi zilivunjika kabla ya siku hiyo. Nyingine ziliposikia siku inakaribia, mwongozi alifumba macho. Sheria ambayo haiumi kabisa ao inauma wakati ambapo haifai tena si mizani nzuri. Tena haisimulii kitu. Hakuna hadithi inayosema: «Mdwafu huyu alikuwa shujaa mkubwa, alifika daraja la 6, na hapo akili yake ikagota.» Ni hesabu iliyovalishwa nguo za masimulizi. Juu ya mpaka wa madaraja, hukumu yangu ni fupi: mbaya, na haukustahili kutetewa kwa miaka zaidi ya ishirini.

Mpaka wa kazi ni jambo lingine, na hapo ndipo napenda kukaa.

Wengi wanasema mipaka hiyo ilitoka kwa Tolkien. Gygax hakupenda kuambiwa hivyo. Alisema mara nyingi kwamba alipendelea hadithi za Robert E. Howard, za Fritz Leiber na za Jack Vance, naye aliwaingiza viumbe wa Tolkien kwa kuwa wasomaji waliwataka. Na iwe hivyo. Lakini Mdwafu mwenye shoka, Mwelfi mwenye upinde na Hobiti mwizi, sote twajua walitoka wapi. Basi turudi kwenye chanzo, tuone mwandikaji alifanya nini, na mchezo ulifanya nini na kazi yake.

Hobiti wa kwanza, Bilbo, alitokea katika kitabu cha mwaka 1937. Wahobiti ni watu wa namna gani? Wapenda chakula, bustani na mabarua. Mtu akisafiri mbali, majirani wanamdharau. Ndipo mzee Gandalf anakuja kumwajiri Bilbo kuwa mwizi wa msafara wa Wadwafu. Mwizi! Bilbo hajui kuiba hata kijiko. Uzuri wote wa kitabu umo katika ubaya wa uchaguzi huo: mtu asiyefaa kabisa, wa kabila lisilofaa kabisa, anapewa kazi isiyomfaa, naye polepole, kwa hofu na kwa aibu, anaiweza kwa namna yake mwenyewe. Sasa fungueni kitabu cha mchezo cha mwaka 1978. Wahobiti wanaitwa huko Nusu-watu, kwa kuwa wenye haki za Tolkien walilalamika na jina likaondolewa. Nusu-watu hao wana zawadi ya kuzaliwa ya kunyemelea. Wote! Yule ambaye kati ya watu wake alikuwa kichekesho amekuwa mfano wa watu wake wote. Mchezo ulimchukua mtu mmoja, ukamfanya kabila.

Hilo ndilo kosa ambalo nataka mlione, maana linarudi kila mara. Mwaka 1988 R. A. Salvatore alitoa katika *The Crystal Shard* mtu aitwaye Drizzt, Mwelfi-mweusi, wa taifa lililoandikwa katika vitabu vya mchezo kuwa waovu wote, wakaaji wa mapango, watumishi wa jini la kike lenye umbo la buibui. Drizzt aliwakimbia akaja kuishi mchana, akawa mlinzi wa wasafiri. Wasomaji walimpenda sana. Na matokeo? Kwenye meza nyingi akaja Mwelfi-mweusi mwema, mwenye panga mbili, aliyewakimbia watu wake. Wengi kiasi hiki, mpaka wachezaji wenyewe wanataniana: nani basi aliyebaki kule pangoni kutenda maovu? Huyu naye, yeye aliyekuwa mmoja, akawa kabila. Kosa la kwanza lilifunga mlango, kosa la pili liliufungua, lakini yote mawili yalizaliwa kwa kutotazama mtu.

Tolkien mwenyewe alilijua swali hili kwa uchungu kupita wachezaji. Alikuwa mkatoliki, aliyelelewa baada ya kifo cha mama yake na Padri Francis Morgan wa Oratorio ya Birmingham. Katika hadithi yake kuna Waorki, askari wa giza, ambao hatuoni hata mmoja kati yao akitenda mema. Mwaka 1954 muuza-vitabu mmoja mkatoliki wa Oxford alimwandikia kumuuliza kama hakupita mipaka katika mambo kama hayo. Tolkien akaanza kumjibu kwa barua ndefu, ambayo hakuipeleka. Humo anashindana na nafsi yake: uovu hauwezi kuumba, unaweza kuharibu tu, kama Waorki ni viumbe kweli, basi kuwepo kwao kwenyewe ni kwema kwa asili, na kusema hawawezi kuokoka kabisa ni kusema neno kubwa mno. Alikaribia kuliandika neno hilo, akarudi nyuma. Mpaka kufa kwake mwaka 1973 alibadilisha mara nyingi maelezo juu ya asili yao, na hakupata moja la kumridhisha. Mtu aliyetunga lugha nzima kwa ajili ya Waelfi alishindwa kufunga ukurasa huo mmoja. Mimi nampenda kwa sababu hiyo. Kitabu cha mchezo kiliufunga kwa neno moja katika orodha: «waovu».

Na juu ya Wadwafu je? Katika *The Silmarillion*, kilichotolewa mwaka 1977 baada ya kifo chake, Wadwafu wanatengenezwa na Aulë, fundi mkubwa, ambaye hakuweza kungoja saa ya Ilúvatar, Muumba. Lakini Aulë hana uwezo wa kuwapa uzima. Wanatembea tu anapowaza watembee, akiacha kuwaza wanasimama kama miti. Muumba anamkemea, kisha anawahurumia, na Wadwafu wanaanza kuogopa na kuomba kwa sauti yao wenyewe. Kila mara nikikumbuka kisa hicho nauona ukurasa ule uliowekwa kidole. Mdwafu wa mwaka 1978 bado ni Mdwafu wa Aulë kabla ya huruma.

Sasa lazima niwasikilize wanaotetea mipaka, maana si wapumbavu, na katika jambo moja wana haki kupita mimi. Wanasema hivi: Ukiondoa makatazo yote, kabila linakuwa vazi tu. Mmoja avaa masikio marefu, mwingine ndevu, na chini ya vazi wote ni mtu yuleyule. Inchi inapoteza ladha. Kama kila taifa linaweza kila kitu sawasawa, basi hakuna taifa lenye historia, kwa kuwa historia ni kusema: sisi tulifanya hili, na lile hatukulifanya. Chapa ya 1989 ilikuwa angalau na sababu ya kufikirika: Mdwafu ni mgumu kwa mizungu, mizungu ya adui haimwingii kwa urahisi, na kwa hiyo hiyo hawezi kuitumia, hata vyombo vya mizungu vyaweza kukataa mkononi mwake. Zawadi na katazo vinatoka katika mzizi mmoja. Hilo nalikubali kuwa wazo zuri. Chapa ya mwaka 2000 iliyafuta makatazo hayo yote kwa pigo moja, na Wadwafu mamajusi wakaingia mezani pasipo mtu kuuliza walijifunzia wapi.

Hapa naomba ruhusa ya kutumia chombo cha nyumbani. Wasomaji wetu waliojifunza sheria ya Kanisa wanajua kwamba vizuizi si vya namna moja. Kuna kizuizi kitokacho katika asili ya kitu, na hicho hakuna mkubwa awezaye kukiondoa. Kuna kingine kilichowekwa na sheria ya watu kwa sababu njema, na hicho chaweza kuondolewa kwa dispensa, kwa sababu nzito, na mara nyingi si bure. Nadhani ugomvi mwingi wa wachezaji watoka katika kuchanganya hivi viwili. Wanaotaka mipaka wanasema «desturi» lakini wanaandika sheria kama ni asili. Wasioitaka wanapigana na uongo juu ya asili, na pamoja nao wanatupa desturi.

Mfano utafaa kupita maelezo. Kuna mchezo mwingine, World of Warcraft, uliotolewa mwaka 2004, ambao haukai mezani bali katika mashine, na watu wengi sana wanakutana humo kwa pamoja. Pande mbili zinapigana. Mwanzoni mapaladini, waitao Nuru, walikuwa wa upande mmoja tu, binadamu na Wadwafu. Washamani, wasemao na roho za upepo, maji, moto na udongo, walikuwa wa upande wa pili. Mwaka 2007 wenye mchezo walitaka mizani, kila upande uwe na kazi zote. Sababu ilikuwa ya hesabu, kama ile ya Gygax. Lakini oneni walivyoifanya.

Kulikuwa na taifa la Wadraenei. Jina lao lataka kusema waliohamishwa. Zamani, katika inchi yao Argus, mwovu mkubwa Sargeras aliwatolea wakubwa wao watatu nguvu na elimu. Wawili wakakubali, wa tatu, Velen, akakataa, akakimbia na wale waliomfuata. Ni watu wa Nuru kabisa. Shamani kati yao? Haiwezekani, nanyi mngesema vilevile. Basi wakasimulia habari za Nobundo. Alikuwa mmoja wa askari wa Nuru, aliyelinda mji wa Shattrath siku Waorki walipouangamiza. Moshi mbaya wa silaha zao ukamwingia. Mwili wake ukaanza kupindika, na siku moja alipoiita Nuru, haikuitika. Watu wake mwenyewe walimwogopa yeye na wenzake waliopindika, wakawatenga. Akatembea jangwani miaka, peke yake, akiomba na kunyamaziwa. Mwisho upepo ndio uliomjibu. Kisha maji. Akarudi kwa Velen, mwenye mwili mbovu, kuwafundisha waliomtenga, na wengine kati yao hawakutaka hata kumsikiliza.

Je, mwaona? Kama Wadraenei wangeruhusiwa kila kazi tangu siku ya kwanza, Nobundo hangekuwa na hadithi; angekuwa mtu aliyebadili kazi. Na kama katazo lingekuwa la asili, angebaki jangwani mpaka kufa. Katazo lilikuwa la desturi na la historia, liliwekwa kweli, likavunjwa kwa gharama, na baada yake taifa zima likawa na kitu kipya ambacho lilikinunua. Siwezi kufikiri njia nzuri kupita hiyo.

Mara nyingine waliweza vilevile, lakini kwa nguvu pungufu. Mwaka 2010 Watauren, watu wenye vichwa vya ng’ombe, walipata mapaladini wao: mapokeo yao yalisema tangu zamani kwamba jua na mwezi ni macho mawili ya Mama-Dunia, na baadhi yao wakauliza kwa nini wamekuwa wakiheshimu mwezi na kulisahau jua. Ni jambo jema, limetoka ndani ya imani yao wenyewe, ingawa halimgharimu mtu chochote. Mwaka huohuo Wadwafu waliruhusiwa kuwa mamajusi, shauri ya ndugu zao wa Chuma-cheusi, waliokuwa adui, kupata kiti katika baraza la mji wao. Niliposoma habari hiyo nilitabasamu peke yangu.

Tena mwaka 2022 kazi tatu zilifunguliwa karibu kwa makabila yote kwa mara moja, na mwaka 2023 ikafuata kazi ya mlozi, yule afanyaye mapatano na mashetani. Hata Wadraenei. Mchezaji mpya leo afika mlangoni, achagua Mdraenei, achagua mlozi, na mlango wafunguka pasipo swali. Taifa ambalo jina lake lenyewe ni kumbukumbu ya kukataa nguvu hiyo! Sisemi Mdraenei hawezi kuanguka; wenzao wa Argus walianguka wengi, na mtu asiyeweza kuanguka hakusifiwa kwa kusimama. Nasema tu kwamba kuanguka kwake ni habari kubwa, na mashine yaiandika kama rangi ya nywele.

Lakini tuihurumie mashine. Mezani nikisema «kwa nini?», mwongozi aweza kunijibu, kunikatalia leo, kunikubalia baada ya mwezi, kunidai kitu. Mashine haina masikio. Kwake kuna ndiyo kwa wote, ama hapana kwa wote. Hapana yake yafunga watu wengi wasiokuwa na kosa. Ndiyo yake yamwaga historia chini. Kati ya mabaya hayo mawili, mimi mwenyewe ningechagua ndiyo, kwa kuwa mchezaji mwenye moyo aweza kuirudisha historia kwa akili yake, lakini hawezi kuufungua mlango uliopigwa misumari.

Dungeons & Dragons nayo imeendelea. Kitabu cha mwaka 2024 kimeacha neno la *kabila* na kutwaa neno la wataalamu wa wanyama na mimea, yaani *spishi*. Sioni kama tumefaidika sana. Kwa masikio yangu neno la pili laweka ukuta mrefu kupita la kwanza, na kwa bahati ya ajabu yule nusu-Mwelfi, mtoto wa mataifa mawili, hana tena pahali pake mwenyewe katika kitabu hicho. Lakini wamefanya jambo lingine ambalo halikusemwa kwa sauti kubwa nami nalisifu: nguvu, akili na wepesi wa mtu haviongezwi tena kwa sababu ya kuzaliwa kwake, bali kwa sababu ya maisha aliyoishi kabla, kama alikuwa askari, mkulima, mwandishi, mtumishi wa hekalu. Tukumbuke kwamba kitabu cha 1978 kiliweka hata mpaka wa nguvu za mwanamke chini ya zile za mwanamume. Ulifutwa mwaka 1989, na sijamwona anayeulilia. Kutoka mimba mpaka malezi, ni safari ndefu kwa mchezo wa miaka hamsini. Linalobaki ni kazi ya waandikaji: makabila sasa yako huru, lakini mengi yamebaki matupu, na utupu haujazwi kwa kurudisha makatazo. Wajazwe historia, shule, nadhiri, ugomvi wa zamani, mambo ambayo mtu huyatii ama kuyavunja akijua anachovunja.

Mwongozi wetu wa Ulaya hakuwa amesoma lolote la haya, lakini alikuwa mtu wa haki. Usiku ule alinikatalia, nami nikawa askari Mdwafu mwenye kitabu mfukoni asichoweza kukisoma. Mwelfi wa msafara wetu, msichana aliyekuwa akisomea uganga, alianza kumfundisha herufi kila tulipopiga kambi. Wenzetu walichoka na masomo hayo na kutucheka. Baada ya miezi minne hivi, mwongozi alisimamisha mchezo, akasema: Sawa. Mdwafu aweza kuwasha mwanga mdogo kwenye ncha ya kidole, mara moja kwa siku. Lakini atakaporudi kwao, hakuna atakayekula naye sahani moja. Nikaomba nifikiri mpaka juma lifuatalo. Nikakubali. Tulifika mlimani kwao majira ya Pasaka, baba yake akamwekea chakula nje ya mlango, naye akala gizani, kwa kuwa mwanga wa siku ile alikuwa ameutumia njiani. Mwezi wa sita mitihani ilianza, na hatukucheza tena.